Kupiga mswaki: anzia magego ya nyuma, malizia bila kusuuza

Amu, yaani mji wa Lamu, mswaki hautafutwi. Wapo wanaoupiga kila wanapotawadha, kwa kijiti kinachoshinda mfukoni mwa kanzu kutwa nzima. Lakini mdomo ukifunguliwa na shavu likavutwa kando, mara nyingi huonekana hali moja: meno sita ya mbele yanang'aa, na magego yamezungukwa na ukoga wa manjano, fizi zake zimevimba na kuwa nyekundu. Mswaki ulipigwa, ila ulipigwa pale panapoonekana mtu akicheka.

Basi yafuatayo si ya kumhimiza mtu apige mswaki. Ni ya kumwonyesha ufike wapi, kwa mkono gani, na saa ngapi.

Unasafisha nini hasa

Kesho asubuhi, kabla ya maji na kabla ya chai, pitisha ukucha kwenye gego, pale jino linapozama ndani ya ufizi. Ukucha utatoka na kitu cheupe, laini, kama mtindi mzito. Huo ni utando wa bakteria. Wakipata sukari huitengeneza asidi, na asidi hiyo hula gamba gumu la jino mpaka likatoboka. Utando huohuo ukikaa kando ya ufizi, ufizi hukasirika, hujaa damu, na hutoka damu ukiguswa.

Ukiwa na umri wa siku moja, utando huo huondoka kwa mswaki laini bila taabu. Ukiachwa siku kadhaa, madini ya kwenye mate huanza kuugandisha, ukawa ule ukoga mgumu unaoshika jino kama chaza wanavyoshika mwamba. Ukifika hapo mswaki hauwezi tena, hata usugue mpaka jioni, na atakayeutoa ni daktari kwa vyombo vyake. Ndiyo maana kupiga mswaki vizuri mara mbili kila siku kunashinda kusugua kwa hasira siku ya Ijumaa.

Vifaa, na makosa ya dukani

Mswaki wa brashi uwe laini. Wengi hununua mgumu wakidhani ndio unaosafisha, na hilo ndilo kosa la kwanza. Nywele ngumu hazipindi kuingia kando ya ufizi. Zinachofanya ni kuukwangua, nao hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka shina la jino likabaki wazi. Shina halina gamba gumu. Ndipo mtu akinywa maji baridi au akimung'unya barafu ya ukwaju, jino linampiga kama umeme.

Kichwa cha brashi kiwe kidogo, cha kufunika magego mawili na si zaidi. Kichwa kikubwa hakifiki nyuma.

Dawa ya meno iwe na floridi. Geuza tyubu usome maandishi madogo ya nyuma: kiwango cha mtu mzima ni kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Kuna dawa za mitishamba zenye harufu nzuri ya karafuu au mwarobaini ambazo hazina floridi kabisa. Zinatakatisha, ila hazilipi jino madini lililoyapoteza. Tazama pia tarehe ya mwisho, maana tyubu nyingine zimekaa juani mbele ya duka miezi mingi.

Kipimo cha mtu mzima ni punje moja ya mbaazi. Ule mstari mrefu uliojikunja juu ya brashi, wa kwenye picha za matangazo, ni wa kumaliza tyubu upesi.

Maji, kikombe kimoja kinatosha. Ukiwa mtaa ambao maji yake yana chumvichumvi, povu litatoka dogo. Usiongeze dawa kwa sababu hiyo. Povu halisafishi kitu, nywele za brashi ndizo zinazosafisha.

Hatua za kupiga mswaki

1. Sukutua kwa maji matupu, utoe mabaki ya chakula. Kama una uzi wa meno, utumie sasa kabla ya brashi, ili floridi ipate njia ya kuingia katikati ya meno.

2. Shika mswaki kama unavyoshika kalamu, kwa ncha za vidole. Ukiukamata kwa ngumi kama mpini wa jembe, nguvu itakuwa ya jembe. Pima hivi: gusisha brashi juu ya ukucha wa kidole gumba na ukandamize. Nywele zikianza tu kupinda, nguvu imetosha. Zikilala chali, umezidisha.

3. Anza na gego la mwisho kabisa la juu, upande wa nje, kwenye shavu. Anayetumia mkono wa kulia aanzie upande wa kulia, kwa kuwa huko kifundo cha mkono hulazimika kujipinda na mara nyingi ndiko kunakorukwa. Hapa pana siri ndogo: usipanue mdomo sana. Ukiupanua, mfupa wa taya la chini husogea na kuziba nafasi iliyo kando ya gego la juu. Fumba nusu, sogeza taya upande huohuo unaosafisha, shavu litalegea na brashi itapita.

4. Sasa liko jambo lenyewe. Lalisha brashi mshazari, nyuzi 45, nusu ya nywele ziwe juu ya jino na nusu juu ya ufizi, ncha zake zikielekea pale vinapokutana. Usisugue kwenda na kurudi kama anayepiga msasa jahazi. Tetemesha tu, mwendo mfupi usiozidi upana wa jino moja, mara kumi hivi. Kisha fagia kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unafagia kushuka, ya chini unafagia kupanda. Halafu hamia meno mawili yanayofuata.

5. Zunguka hivyo upande wote wa nje wa juu mpaka gego la mwisho la upande wa pili. Ukifika kwenye chonge punguza mkono. Chonge imetokeza mbele ya wenzake, ndiyo inayokwanguliwa zaidi, na mara nyingi ufizi wake ndio wa kwanza kurudi nyuma.

6. Rudi kwa ndani, upande wa ulimi na kaakaa. Mshazari uleule, mtetemo uleule. Nyuma ya meno ya mbele brashi hailali, kwa hiyo isimamishe wima utumie ncha yake, uvute kutoka kwenye ufizi kwenda nje.

7. Shuka taya la chini ufanye vilevile, nje kisha ndani. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kaa zaidi. Vijito vya mate vilivyo chini ya ulimi vinafungukia hapo, na mate yana madini, kwa hiyo ukoga hugandia hapo upesi kuliko karibu popote. Sehemu ya pili ya namna hiyo ni nje ya magego ya juu, ambako vijito vingine vya mate hutokea shavuni. Papase kwa ulimi baada ya kumaliza: pakiwa laini kama kioo pamesafika, pakikwaruza hapajasafika bado.

8. Juu ya magego, pale tunapotafunia, ndipo pekee unaporuhusiwa kusugua kwenda na kurudi. Kisha pitisha ncha ya brashi nyuma ya gego la mwisho, ukuta ambao hauna jirani. Watu wengi hawajui kuwa upo.

9. Kwangua ulimi kutoka nyuma kuja mbele, mara tatu au nne. Harufu nyingi ya mdomo hukaa hapo.

10. Tema povu lote. Usisuuze kwa maji. Kwa waliozoea kusukutua mara tatu hatua hii ni ngumu, lakini ukisuuza umeimwaga floridi uliyoinunua. Ikiachwa ladha yake tu mdomoni, huendelea kufanya kazi. Maji na chai visubiri nusu saa.

Yote hayo ni dakika mbili: nusu dakika kwa kila robo ya mdomo. Weka saa ya simu mara moja uone. Wengi hudhani wamefika dakika mbili na kumbe hawajamaliza hata moja.

Saa ngapi

Mara mbili kwa siku, na kama itabidi uikose moja, isiwe ya usiku. Tukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha asidi. Utando uliolala na sukari mdomoni una usiku mzima wa kufanya kazi bila kuzuiwa. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu. Kipande cha halwa kilichobaki kwenye sahani kingoje mchana.

Asubuhi, piga kabla ya chai na mahamri. Ukipenda baada, subiri nusu saa. Hii ni muhimu zaidi ukila vichachu: embe mbichi na pilipili, achari, ukwaju, ndimu. Asidi hulainisha gamba la jino kwa muda, na ukisugua papo hapo unalikwangua likiwa laini. Sukutua kwa maji, uache mate yafanye kazi yake, kisha ndipo brashi.

Kuhusu sukari, idadi ya mara inadhuru zaidi kuliko wingi. Kila ukitia kitu kitamu mdomoni, asidi hupanda, na mate huchukua kama nusu saa au zaidi kuituliza. Aliyekula kashata mbili kwa mkupuo baada ya chakula amelipa mara moja. Aliyekaa barazani na chai ya sukari akiifyonza funda moja moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, meno yake hayakupumzika hata kidogo. Kahawa chungu ya kwenye dele haina neno kwa meno isipokuwa rangi. Matata yanaanza na tende na halwa zinazoandamana nayo, kwa sababu hunata kwenye mifereji ya magego.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka. Piga kwa dawa ya meno baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, na mara nyingine usiku baada ya kumaliza vyakula vya futari. Anayechelea kumeza dawa mchana ana kijiti cha mti.

Kijiti cha mti

Mti wenyewe unaitwa mswaki, na brashi ya dukani ndiyo iliyoazima jina. Kijiti kinasafisha vizuri kikitumiwa vizuri. Chagua kibichi, kinachopinda bila kuvunjika, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa shibiri moja. Menya gamba la ncha kama sentimita moja, tafuna polepole mpaka nyuzi ziachane ziwe kama brashi. Kikiwa kikavu kiloweke majini kwanza, kwani nyuzi kavu huchoma ufizi.

Piga kwa wima, kutoka ufizi kwenda ncha ya jino. Nyuzi zikichoka na kulegea, kata ncha utafune mpya. Kata kila siku, usingoje kuwa nyeusi.

Udhaifu wake ni wawili. Kwa kuwa kimenyooka, hakifiki kwa urahisi upande wa ndani wa magego, na anayekitumia kutwa huku akiongea hujikuta anasugua chonge mbili zilezile mpaka ufizi ukapanda. Cha pili, hakikupi floridi ya kutosha. Kwa hiyo kijiti mchana, brashi na dawa usiku. Anayetaka kijiti pekee akitafune pia kwa ubavu, ili nyuzi zikae kama kichwa cha nyundo, ndipo akiingize ndani.

Katikati ya meno

Brashi haiingii pale jino linapogusana na jino. Uzi wa meno ndio dawa: kata kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, acha sentimita tatu au nne katikati. Upitishe kwa kuusereresha, usiusukume kwa kishindo ukakata ufizi. Ukiingia, uviringishe ukumbatie ubavu wa jino moja, upandishe na kushusha mara tatu, kisha ukumbatie jirani yake. Mara moja kwa siku inatosha.

Kinachotumika majumbani kwa kawaida ni chelewa ya ufagio, kijiti cha kiberiti au pini. Chelewa imetoka sakafuni, na ncha yake hukatikia ndani ya ufizi. Nyama ikinasa palepale kila siku, dalili yake ni kwamba pana tundu au pengo ubavuni mwa jino, na kuchokoa hakutaliziba.

Watoto

Mswaki huanza jino la kwanza linapochomoza, takriban miezi sita. Dawa ni ya kupaka tu, ukubwa wa punje ya mchele, mpaka afike miaka mitatu. Baada ya hapo punje ya mbaazi. Mtoto ajifundishe kutema, na tyubu iwekwe mbali naye, maana tamu yake huwafanya waile.

Mlaze mkekani, kichwa juu ya mapaja yako, wewe ukiwa nyuma ya kichwa chake. Hapo unaona magego yote na mkono mmoja unainua mdomo. Aachiwe ajaribu mwenyewe kwanza, kisha mkubwa amalizie. Kabla ya miaka saba au minane vidole vyake bado havijaweza kazi hiyo.

Angalia sana mwaka wa sita. Nyuma ya meno yote ya utotoni hutokea gego jipya, kimyakimya, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania la utotoni, wakasema litatoka tu. Halitoki. Ni la maisha, mifereji yake ni mirefu, na mabuyu ya rangi hukaa humo kama lami. Lisafishwe kwa brashi iliyolazwa pembeni, ukiielekeza kutoka shavuni, kwa sababu bado ni fupi kuliko wenzake.

Chupa yenye chai ya maziwa au juisi haikai mdomoni mwa mtoto aliyelala. Meno ya mbele ya juu ndiyo huoza kwanza.

Mambo yakienda mrama

Damu ikitoka, wengi huacha kupiga mahali hapo. Fanya kinyume. Damu ni dalili ya utando ulioachwa, na ukipasafisha kwa upole kila siku kwa kawaida hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, pana ukoga mgumu chini ya ufizi, au sababu nyingine ya kutazamwa na daktari. Wajawazito hutoka damu kwa wepesi zaidi kwa ajili ya mabadiliko ya homoni, na wenye kisukari fizi zao huharibika upesi. Wote hao waongeze uangalifu, wasipunguze mswaki.

Nywele za brashi zikitawanyika kabla ya mwezi kwisha, unakandamiza mno. Zisipotawanyika, badilisha hata hivyo baada ya miezi mitatu.

Mkaa uliosagwa, majivu, mchanga wa pwani na chumvi ya mawe hung'arisha kwa kukwangua. Weupe huo ni wa wiki chache. Gamba likishapungua, umanjano wa ndani hutokeza na jino huonekana chafu kuliko mwanzo. Ndimu ni mbaya zaidi, hiyo huyeyusha.

Tambuu ni suala jingine. Wekundu wake unaweza kupunguzwa na daktari, lakini popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imo tangu mwaka 2004 katika orodha ya visababishi vya saratani ya taasisi ya Shirika la Afya Duniani. Anayekula tambuu ajitazame shavuni na chini ya ulimi kila mwezi. Alama nyeupe au nyekundu, au kidonda kisichopona wiki mbili, kionyeshwe. Wanaotafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, nao, kinachowaozesha meno mara nyingi ni soda na peremende za kupozea uchungu. Maji yangewatosha.

Brashi ikishatumika ikung'utwe na isimamishwe kwenye gilasi, kichwa juu, mahali penye upepo. Kifuniko cha plastiki huifanya ivunde, hasa masika. Isiwekwe dirishani mwa choo wala ukingoni mwa birika la maji ya kuogea, njia ya mende na mijusi. Kila mtu na yake, mume na mke pia.

Jino likiuma na uko Kizingitini au Kiwayu

Huko visiwani boti inangoja maji kujaa ipite mkondo wa bahari wa Mkanda, na daktari yuko Amu. Kwa muda huo, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi moja. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, liguswe kwenye jino lenyewe tu, hupoza kwa muda. Haliponyi. Dawa ya maumivu imezwe kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya ufizi, kinauunguza ukawa mweupe na kidonda kikawa cha pili.

Uvimbe ukifika shavuni au chini ya taya, ukiwa na homa, au mtu akashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje boti ya kesho. Tafuteni chombo usiku huohuo.